Ugali wa Unga wa Mama Zuhura

Baba yangu alikula, mbele ya watu, ugali wa mahindi ambayo kitongoji kizima kilikuwa kinasema yanaua. Aliula mchana kweupe, uani kwetu Sindeni, ameketi kwenye kigoda, na aliyempikia alikuwa mama ambaye siku iliyotangulia alikuwa amemzika mwanawe. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikiliangalia koo la baba likipanda na kushuka, na kila liliposhuka nilisubiri aanguke.

Hilo ndilo watu wa kwetu wanalolikumbuka, na ukienda leo ukauliza utasimuliwa, kila mtu kwa namna yake. Mimi ninachokikumbuka kwanza ni harufu. Mwezi uliopita, hapa Korogwe, nilikuwa sokoni nikitafuta mahindi ya kusaga. Muuzaji akafungua mdomo wa gunia, na kabla sijaingiza mkono ilinipiga usoni pumzi ya joto, tamu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa kwenye chungu.

"Mapya haya, dada," akasema. "Yametoka Handeni juzi tu."

Nilimshukuru nikaondoka. Nilifika nyumbani Kilole na kikapu kitupu, mume wangu akaniuliza soko lilikuwa limefungwa au nini. Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ni hili ninalowapa ninyi.

Baba yangu aliitwa Rajabu, lakini sikumbuki kumsikia mtu akimwita hivyo isipokuwa mwenyekiti wa kitongoji kwenye mikutano. Kwa wengine wote alikuwa Baba Shabani, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Aliswali alfajiri shambani, kwenye kipande cha mkeka alichokiacha huko kimeviringishwa juu ya mti, kwa sababu alisema akisubiri kuswali nyumbani jua linamkuta njiani. Alirudi adhuhuri akinuka jasho na majani mabichi, akala, akaenda kumsaidia mtu kuezeka au kuchimbua visiki. Sisi watoto tulimjua zaidi kwa sauti: mlio wa jembe akilinoa, kikohozi chake cha kutuamsha, na namna alivyocheka kwa pua.

Shamba letu lilipakana na njia ya kwenda mtoni. Kila msimu baba alipanda mstari mmoja wa ziada ukingoni kabisa, kando ya njia, na mstari huo hatukuuvuna. Ulikuwa wa wapita njia. Mtu akiwa na njaa, au mtoto akitoka shule, au mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe, alivunja hindi akaendelea na safari yake. Mtani wetu Mzee Masanja, Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa zamani kukata mkonge na hakurudi kwao tena, alikuwa akipita hapo anapaza sauti makusudi.

"Jamani, Mzigua huyu amepandia wezi! Tena kwa mstari ulionyooka!"

"Chukua, mtumwa wangu," baba alimjibu kutoka katikati ya mahindi. "Nilikupandia wewe."

Huo ulikuwa utani wao, na walitukanana hivyo maisha yao yote bila mmoja kumkasirikia mwenzake.

Mwaka ninaousimulia, mvua za masika zilikatika mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Yalikauka yamesimama. Ukipita njiani upepo ulikuwa unayapiga, na mlio wake ulikuwa kama wa watu wengi wanaonong'ona. Watu walikata mabua wakawapa mbuzi. Wakaanza kula makopa, ile mihogo ya kukausha, kisha makopa nayo yakapungua, na wanawake wakawa wanarudi kutoka porini na mchunga peke yake, ile mboga chungu ya majani. Nakumbuka namna kuku walivyopungua uani kwa majirani, mmoja mmoja, bila sherehe yoyote kusikika.

Lakini baba alikuwa na kipande bondeni, mahali ambapo maji hukaa chini hata juu kukikauka. Watu walikuwa wakimcheka kwa kulima kule kwa sababu ya nguruwe pori. Mwaka huo bonde lile lilisimama kijani katikati ya nchi iliyokuwa rangi ya majivu. Baba hakulifurahia kwa sauti. Nilimwona akisimama ukingoni akiliangalia kama mtu anayeangalia kitu cha mwenzake alichoombwa kukitunza.

Maneno yalianza hapo, kabla ya hindi hata moja kuvunjwa. Kwetu kuna imani kwamba mtu anaweza kuyavuta mazao ya wenzake yakaingia shambani kwake: wewe unabaki na mabua, yeye anavuna vyako. Hakuna aliyemwambia baba usoni. Mimi niliyasikia kisimani, kutoka kwa wanawake ambao walinyamaza waliponiona, kisha wakanisifia nguo yangu.

Yalipokaribia kuvunwa, mvua ambayo hatukuiona wakati wake ikaja. Ilinyesha usiku na mchana, ya rasharasha, isiyo na radi. Mahindi yalikuwa bado bondeni, nguruwe walikuwa wameanza kuingia, na watu walikuwa na njaa. Baba aliamua kuyatoa hivyo hivyo. Sisi wote tulibeba, hata mama ambaye alikuwa na mgongo mbovu. Yalirundikwa sebuleni, na kwa siku kadhaa nyumba yetu ilitoa mvuke.

Kwa kawaida baba alihifadhi mahindi darini, juu ya meko, moshi uyapige. Lakini dari letu lilikuwa dogo, na mahindi ya moshi yalikuwa hayaachwi na dumuzi, yule mdudu mweusi anayetoboa punje hadi ukiishika inabaki unga mkononi. Msimu uliotangulia bwana shamba alikuwa amewafundisha watu kutumia mapipa ya plastiki: jaza, funga kabisa, dumuzi wanakosa hewa wanakufa. Baba alikuwa ameyafuata Segera, mapipa manne ya bluu, akayaleta juu ya lori la mtu. Mvua ilipopumzika aliyaanika mahindi juu ya turubai. Alikuwa na kipimo chake: alichukua punje, akaiuma kwa meno ya pembeni. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Nilimwona akiuma, akisikiliza, akiuma tena. Mawingu yalikuwa yanarudi kutoka upande wa Korogwe. Akasema, "Basi, tuyafunge."

Yaliyobaki, machache, yalipanda darini kama zamani.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana mambo yote yaliyofuata yametoka hapa. Watu walipoanza kuja na vikapu, baba hakuwapa ya darini. Ya darini yalikuwa na matundu, yananuka moshi, yamejaa vumbi la dumuzi. Aliwapa ya kwenye mapipa, kwa sababu punje zake zilikuwa nzima, nene, hazina tundu hata moja. Siku alipofungua pipa la kwanza nilikuwa karibu yake. Ilitoka ile pumzi. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. Aliyamwaga juani yakapata hewa, harufu ikapungua. Mahindi yaliyovunda kidogo hayakuwa habari kwetu. Unayaosha, unayakoboa, unakula. Bibi zetu walifanya hivyo na walizeeka.

"Sisi tutakula ya darini," alimwambia mama. "Haya ya watu."

Mama alikuwa na watoto watano wanaotafuna unga wenye wadudu, na uso wake ulionyesha hivyo, lakini alichekecha unga mara mbili akapika. Tulikula ugali wa kijivu, unaonuka moshi, huku nikiwaonea wivu majirani.

Walikuja wengi. Baba aliwajazia kikapu, kisha akaongeza viganja viwili vya mikono yake mikubwa, na viganja viwili vyake vilikuwa mlo. Mama Zuhura alikuja zaidi ya wengine. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, na binti yake Zuhura alikuwa rafiki yangu; tulikaa dawati moja. Yule mama alitaka kulima kwetu kama malipo, baba akakataa. "Nenda ukamlishe mtoto, dada yangu."

Wa kwanza kufa alikuwa mbwa wa mwenyekiti. Hakuna aliyejali. Kisha kuku wa nyumba mbili tatu walizubaa, wakalala upande. Watu wakasema ni kideri. Kisha siku moja darasani Zuhura aligeuka kuniomba kifutio, na nikaona sehemu nyeupe ya macho yake ilikuwa rangi ya kiini cha yai. Nilimwambia. Alicheka, akasema labda amekula maembe mengi, na haukuwa msimu wa maembe.

Wiki iliyofuata hakuja shule. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye jamvi, tumbo limejaa kama la mama mjamzito, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Mama yake alikuwa anamlisha uji kijiko kwa kijiko, akimbembeleza ale apate nguvu. Uji ulikuwa mweupe, mzuri. Ulikuwa wa mahindi yetu.

Waliougua waliongezeka, wengi wao watoto. Wengine walisema homa ya ini, wengine walisema maji ya mto, na wengine walisema mkono wa mtu. Zuhura walimpeleka hospitali Korogwe kwa gari la mkaa. Walirudi naye kwa gari jingine, amefunikwa.

Tulimzika mchana, jua likiwa kali. Baba alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na niliona kwamba alipoupokea mkono wa mtu aliyemsaidia kutoka shimoni, yule mtu alijifuta kiganja kwenye shati lake. Ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa ugonjwa. Kuanzia hapo niliwaogopa watu.

Siku iliyofuata walikuja uani. Hawakuja kwa kelele. Walikuja kama watu wanaokwenda msibani, wanaume mbele, wanawake nyuma, mwenyekiti kati. Mwenyekiti alikubali kiti lakini hakukubali maji ya kunywa.

"Rajabu," akaanza, "watu wana neno."

"Nawasikiliza."

Kisha sauti ya mwanamume, sitaitaja ya nani maana amekwishafariki na watoto wake ni watu wema, ikasema: "Walioumwa wote wamekula mahindi yako. Nyumba ambayo haijaumwa ni yako. Tuambie, Baba Shabani. Watoto wako wanakula nini?"

Macho ya watu wote yalihamia kwetu. Tulikuwa tumejipanga ukutani, watano, wenye afya, macho meupe. Sijawahi tena katika maisha yangu kuona aibu ya kuwa mzima.

Kaka yangu Shabani, aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka ule, aliruka kutoka pale. "Sisi tunakula ya darini! Yenye wadudu! Nyie baba amewapa mazuri—"

"Shabani. Kaa chini."

"Baba, waambie!"

"Kaa chini, mwanangu. Niliwapa nilivyowapa."

Watu walinong'ona. Nilielewa, hata kwa umri ule, kwamba kaka alikuwa amezidisha moto. Masikioni mwao alikuwa amekiri: kumbe kweli, nyumba hii ina mahindi yake na wengine wana yao.

Baba akageuka, si kwa mwenyekiti, bali kwa Mama Zuhura, ambaye alikuwa ameketi chini, kanga imefunika nusu ya uso.

"Dada yangu, una unga uliobaki?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Niletee. Ule ule."

Aliuleta kwenye bakuli la bati. Baba alimwomba mama apike, na mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimkatalia baba jambo mbele za watu, akasema, "Sipiki." Akaingia ndani akafunga mlango. Baba akasimama, akaanza mwenyewe kupanga mafiga uani. Ilikuwa ajabu ya kutisha kumwona akipuliza moto, hajui kuupuliza, moshi unamwingia machoni. Mama Zuhura akanyanyuka. Alimpokonya kijiti cha kuchochea moto, akateka maji, akapika. Alisonga ugali wa mtu mmoja kana kwamba anasongea kijiji, mwiko umeshikwa kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye sahani.

Baba alinawa, akasema bismillahi, akaanza. Hakukuwa na mboga. Alikula ugali mtupu.

"Mwacheni ale!" Mzee Masanja alipaza sauti kutoka nyuma, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Akifa, mapanga yake yote na jembe ni vyangu. Mtani harithi deni!"

"Na mke mchukue," baba akasema, akitafuna. "Lakini ujue hapiki."

Wachache walicheka, kicheko kile kinachotoka bila ruhusa. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Baba aliendelea. Sahani ilipofika nusu, Mama Zuhura alisema kwa sauti ndogo, "Basi, kaka. Inatosha." Baba alimtazama, akakata tonge jingine. Aliimaliza sahani, akaifuta kwa kidole, akalamba kidole. Kisha akawaambia watu kwamba yeyote aliyebakiwa na mahindi aliyompa asiyale tena wala asiwape kuku, ayarudishe, na yeye atatafuta njia nyingine.

Waliondoka mmoja mmoja. Baba hakuanguka. Alitapika jioni nyuma ya nyumba akidhani hatumwoni, akaumwa tumbo, akarudi shambani.

Baada ya muda walikuja maofisa wa afya, wenye glavu na barakoa. Waliuliza mahindi yako wapi. Baba akawaonyesha shimo, nyuma ya banda la kuku, limefukiwa na kushindiliwa vizuri. Mapipa yote yalikuwa matupu. Walichukua mabaki kidogo kidogo kutoka nyumba za watu, wakayatia kwenye mifuko, wakasema majibu yatakuja. Hayakutufikia. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa, nilisikia redioni neno sumukuvu: sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, isiyotoka kwa kuosha wala kwa kupika, inayokula ini. Nilizima redio nikakaa. Sikujua kama ndiyo iliyomuua Zuhura. Najua tu kwamba niliyajua maelezo yale yote kabla msemaji hajayamaliza.

Baba alifariki hospitali hapa Korogwe, ini limekwisha. Daktari aliniuliza alikuwa anakunywa pombe kiasi gani. Nilimwambia baba yangu hakuwahi kuonja. Akaandika kitu, akaniangalia kama watu wanavyomwangalia binti anayemsitiri mzazi. Mama Zuhura alikuja mazikoni. Alikaa karibu na mama yangu siku zote za msiba, wakichambua mchele pamoja.

Nilidhani nimeshaielewa habari yote: baba alitoa kizuri kuliko alichobakiza, kizuri kikawa kibaya, na alipotuhumiwa akaamini kutoka moyoni kwamba mahindi yake ni safi, akala. Ndivyo nilivyowasimulia wanangu. Kisha, kwenye arobaini, Shabani alinivuta pembeni.

"Lile shimo tulichimba siku ya kumzika Zuhura," alisema. "Mimi na baba. Tulitoka makaburini na majembe yale yale."

Nilimwambia anakosea, lilichimbwa baada ya baba kula, alipowaambia watu warudishe. Nalikumbuka hivyo: nakumbuka watu wakileta vikapu.

"Hivyo vikapu vilifukiwa juu yake," alisema Shabani. "Hebu jiulize. Mapipa yalikuwa nyuma ya baba pale uani. Kwa nini aombe unga kwa jirani, asichote humo yakatwangwe?"

Siku zote nilikuwa nimedhani aliomba unga ule kwa haki, ili watu waone ni ule ule. Sikuwa nimefikiria kwamba huenda hakukuwa na mwingine. Na kama mapipa yalikuwa tayari matupu siku ile, basi baba yangu aliketi kwenye kigoda chake akijua anakula nini.

Nimewauliza waliokuwepo. Mzee Masanja alikwishafariki. Mwenyekiti anasema mapipa yalikuwa yamefunikwa, na hakuna aliyeinua kifuniko. Mama Zuhura nimeshindwa kumuuliza. Wiki iliyopita nilikwenda Sindeni nikamkuta mama yangu uani, akipepeta choroko. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza moja kwa moja: lile shimo, baba alilichimba lini?

Aliendelea kupepeta.

"Siku ya jua kali," akasema. "Nilimpelekea maji ya kunywa."

Siku ya kumzika Zuhura jua lilikuwa kali. Na siku aliyokula lilikuwa kali vilevile.